Kufunga amplifaya nyuma ya kiti cha nyuma ikae imara na isiliwe na kutu

Dereva mmoja wa teksi aliniletea gari lake likinuka plastiki iliyoungua. Alikuwa ametoka Marafa na abiria, na njiani mziki ulikatika ghafla. Nilipofungua buti nikaikuta amplifaya imelala sakafuni, skrubu mbili zinaning'inia kwenye kasha la wufa (spika ya besi), na waya wa chanya umechomoka ukagusa bodi. Kilichomwokoa ni fyuzi iliyokuwa karibu na betri. Aliyeifunga alitumia skrubu nne fupi kwenye kasha la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), akamwambia kazi imekwisha.

Hapa Malindi mambo mawili huiharibu kazi hii: mtikisiko wa barabara na hewa ya chumvi. Ukitoka hapa mpaka Mombasa ni kama kilomita 120 za matuta, na ukiingia ndani Magarini ni vumbi na mashimo. Chumvi nayo haina haja ya kulowesha kitu, inaingia na upepo tu. Ndiyo maana nawaomba wanaojifungia wenyewe wasiige kila wanachokiona kwenye video za watu wa bara, mbali na bahari.

Kabla ya kushika drili

Toa waya wa hasi kwenye betri. Kisha inua kalio la kiti cha nyuma, laza mgongo wake, toa zulia la buti, utazame kwa macho yako. Saluni nyingi za Toyota zina tangi la mafuta chini ya kiti cha nyuma, na mabomba ya breki na mafuta hupita chini ya sakafu. Usitoboe sakafu hiyo hata kama mtu amekuhakikishia pako salama. Ingia chini ya gari na tochi, upapase upande wa pili wa kila mahali unapotaka kupitisha bolti. Bolti za mikanda ya usalama usizilegeze, na usifungie kitu chochote hapo. Zile ni za roho za watu.

Ubao

Usiifunge amplifaya kwenye kasha la wufa. Kasha hutetemeka kila mdundo, na mtetemo huo hulegeza skrubu na kuchosha viungo vya risasi ndani ya amplifaya. Tengeneza ubao wake peke yake.

Mimi natumia plaiwudi ya majini ya milimita 12. MDF ni rahisi kukata na inapendeza, lakini kwa unyevu wa pwani inavimba, na ikishavimba haishiki skrubu tena. Kata ubao uizidi amplifaya sentimita 5 kila upande, ukingo wote upake vanishi mara mbili, ndipo uuvishe zulia.

Utausimamisha wapi? Kama mgongo wa kiti haulazwi na nyuma yake kuna ukuta wa chuma, funga kwenye ukuta huo. Kama kiti kinalazwa, kama kwenye Toyota Fielder, wengi huufunga ubao mgongoni mwa kiti chenyewe. Inawezekana, ila nyaya hukunjwa kila kiti kinapolala, na gari la kubeba mizigo litazikata mapema. Mwenye gari la namna hiyo namshauri ausimamishe ubao kwa vipande viwili vya engo (chuma cha pembe) kwenye sakafu ya buti, pembeni, baada ya kuhakikisha chini yake ni peupe.

Kutoboa na kukaza

Hapa usiwe na haraka. Weka ubao mahali pake, chora matundu manne kwa penseli, uondoe. Piga alama ndogo kwa nyundo na msumari ili ncha ya drili isiteleze. Kisha zungushia selotepu kwenye drili, milimita 10 tu kutoka nchani. Ukiona selotepu imegusa bati, acha. Kwa njia hiyo hata mkono ukisukuma kwa nguvu, ncha haiendi mbali upande wa pili.

Bolti ziwe M6 za chuma kisichoshika kutu, zipenye mpaka upande wa pili, zikazwe kwa washa pana na nati yenye nailoni ndani. Skrubu ya kujitobolea katika bati jembamba itashika leo tu. Lakini kabla ya kupitisha bolti, safisha mdomo wa kila tundu na upake rangi ya kuzuia kutu, ndani na nje. Bati lililotobolewa likaachwa wazi hapa kwetu huanza kugeuka kahawia upesi sana, na kutu hutembea chini ya rangi bila wewe kuiona.

Amplifaya yenyewe ikae kwenye ubao kwa bolti, na mapezi yake ya kupoza yasimame wima ili joto lipande juu. Acha nafasi ya sentimita 3 au zaidi pande zote. Sponji ya kiti isiiguse, na usiifunge kifudifudi chini ya ubao, itajipika yenyewe.

Nyaya

Waya wa chanya uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi ile inaulinda waya, kwa hiyo isizidi uwezo wa waya. Amplifaya yenye fyuzi mbili za ampea 30 naipa waya wa geji 4 (geji ni unene wa waya; namba ikiwa ndogo, waya ni mnene). Unapopenya ukuta wa injini tia pete ya raba. Waya huo upite upande mmoja wa gari, na nyaya za ishara, zinazoleta sauti kutoka redioni, upande mwingine, la sivyo utasikia mlio unaopanda na kushuka na injini.

Waya wa athi, yaani wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, ndio unaoonewa zaidi. Uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi, usizidi nusu mita. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae kama sarafu mpya, kaza kichwa cha waya kwa bolti yenye washa ya meno, kisha funika yote kwa grisi. Bila grisi, baada ya miezi kadhaa utakuta unga wa kijani kwenye shaba, na mteja atakwambia amplifaya inazimika wufa inapolia sana. Mara nyingi amplifaya ni nzima, tatizo ni hapo.

Funga kila waya kwa kibano kabla haujafika kwenye amplifaya, ili uzito wake usivute viungo.

Kujaribu

Rudisha waya wa betri, pima kwenye vichwa vya amplifaya injini ikiwa inanguruma. Volti 13.5 hadi 14.4 ni sawa. Kamata amplifaya kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu: gari litikisike lote pamoja nayo.

Mwisho, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaopita juu ya kila nati na bolti yake. Tembelea gari wiki moja, kisha fungua buti utazame. Mstari uliokatika ni nati iliyozunguka. Ikaze, uchore upya.