Kusimamisha na Kufuta Cheti cha Mtaalamu: Anza na Tarehe

Barua ya kwanza ya kusimamisha cheti niliyowahi kuandika ilikuwa na mistari minne na kosa moja. Nilimweleza mhusika kwamba cheti chake kimesimamishwa "hadi atakapoleta nyaraka zinazohitajika". Miezi minane baadaye mkaguzi wa ithibati, yaani anayekagua taasisi zinazotoa vyeti kama yetu, akafungua lile faili, akaweka kidole juu ya neno "hadi", akaniuliza: "Hadi lini?" Nikabaki kimya. Tukaandikiwa dosari, na ilikuwa haki yetu.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuandika utaratibu huu, anza na tarehe. Kiwango cha ISO/IEC 17024 cha mwaka 2012, ambacho ndicho kinachoziongoza taasisi zinazotoa vyeti kwa watu, hakikutajii siku 30 wala 90; muda unaupanga mwenyewe. Kinachotaka ni kwamba muda uwepo, na aliyeshindwa kurekebisha tatizo ndani yake, cheti chake kifutwe au wigo wake, yaani kazi ambazo cheti kinazithibitisha, upunguzwe. Kumwacha mtu anaelea tu hakumo.

Sababu nazo ziandikwe mapema, kwenye mpango wenyewe wa uthibitishaji, yaani kanuni za kupata na kushika cheti, mahali ambapo mwombaji anaweza kuzisoma kabla hajafanya mtihani. Ukiitunga sababu siku unayomkasirikia mtu, rufaa yake itakushinda. Zinazojirudia mezani kwangu ni chache: mtu hakutimiza masharti ya kuendelea kushika cheti, amelalamikiwa kwa kuvunja maadili ya kazi, ametumia nembo ya cheti kujisifia kwa jambo ambalo hakupimwa. Udanganyifu kwenye mtihani una njia yake. Ukithibitika, sisi hatusimamishi, tunafuta moja kwa moja, kwa sababu hakuna cha kurekebisha.

Chukua mfano wa mpimaji wa viungio vya chuma vilivyochomelewa. Chini ya ISO 9712, kiwango cha vyeti vya wanaopima vitu bila kuviharibu, uwezo wake wa kuona karibu hupimwa kila mwaka. Mwaka umepita, karatasi ya macho haijafika. Hapo sisi husimamisha, maana huenda macho ni mazima na mtu yuko safarini tu. Tuseme sasa ana cheti cha mbinu mbili za upimaji, na tatizo limethibitika kwenye moja tu, ile nyingine anaifanya vizuri. Huyo mpunguzie wigo. Maofisa wengi wapya hulisahau hili la katikati, wakadhani mkononi wana rungu moja tu.

Uamuzi wenyewe ni wa taasisi inayotoa cheti, na haugawiwi kwa mwingine. Chuo kilichomfundisha kinaweza kuleta taarifa, mwajiri anaweza kulalamika, chama cha wataalamu kinaweza kupiga kelele. Wote wasikilize. Lakini sahihi iwe yenu.

Sasa barua. Yangu siku hizi inajaa ukurasa mmoja: namba ya cheti, kifungu kilichovunjwa, tarehe ya kuanza kusimamishwa, anachotakiwa kuleta, tarehe ya mwisho, kitakachofuata asipoleta, na namna ya kukata rufaa. Tarehe ya mwisho naiandika kwa siku, mwezi na mwaka. "Ndani ya siku 60" huzaa ubishi: sitini tangu lini, tangu niandike au tangu aipokee?

Wakati cheti kimesimamishwa, mhusika haruhusiwi kukitangaza. Kikifutwa, aache kabisa kujitaja kuwa amethibitishwa na akirudishe, kwani cheti ni mali ya taasisi hata kama jina lililoandikwa juu ni lake. Haya yote uwezo wa kuyadai hautoki kwenye barua. Unatoka kwenye makubaliano aliyotia sahihi alipopewa cheti. Kama makubaliano yenu hayasemi hivyo, acha kusoma hapa ukayarekebishe kwanza.

Kisha nenda kwenye rejista ya vyeti. Yeyote akiuliza kama fulani ana cheti halali, na cha wigo gani, taasisi inatakiwa imjibu. Mimi nabadilisha hali kwenye rejista kabla sijaituma barua, siyo kesho yake. Niliwahi kuchelewa siku mbili. Mwajiri akapiga simu katikati, akaambiwa cheti ni hai, akampa mtu kazi. Kumpigia tena kumweleza ilikuwa simu mbaya kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Sababu za kusimamishwa usizimwage kwa kila anayeuliza. Hali ya cheti inatosha.

Rufaa isikilizwe na watu ambao hawakushiriki uamuzi wa kwanza, na mhusika asiadhibiwe kwa kuikata. Kwenye ofisi ndogo hili ni gumu kweli, kila mtu kashagusa kila faili. Orodhesheni mapema wajumbe wawili watatu wa nje, wasubiri.

Akileta alichotakiwa kuleta ndani ya muda, mwandikie barua ya kuondoa kusimamishwa siku hiyohiyo na urudishe hali kwenye rejista. Kwetu tarehe ya cheti kuisha haisogei: kama kilikuwa kiishe Desemba, kitaisha Desemba, na hilo nalo liko kwenye barua, mstari wa mwisho kabla ya sahihi.