Kuomba kazi ya kuongoza ndege Tanzania: anza na daktari kabla ya tangazo

Kila zikitangazwa nafasi za waongoza ndege, yaani wanaowaelekeza marubani kwa redio kutoka ardhini, kuna vijana wenye sifa zote wanaobaki nje kwa sababu ya karatasi. Tangazo hukaa wazi wiki mbili hivi. Muda huo hautoshi kurekebisha jina NIDA, wala kujua kama masikio yako yanakubalika. Mambo hayo yamalize sasa hivi, kabla tangazo halijatoka.

Mwajiri ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kwa kuwa ni taasisi ya umma, nafasi zake hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye mfumo wa Ajira Portal. Mafunzo ya kazi hutolewa na Chuo cha Usafiri wa Anga Tanzania (CATC), Dar es Salaam, kilicho chini ya TCAA hiyohiyo.

Afya kwanza

Leseni ya mwongoza ndege hutolewa kwa aliyetimiza miaka 21 na mwenye cheti cha afya cha Daraja la Tatu, kwa viwango vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Cheti hicho hakitolewi na daktari yeyote tu. Ni lazima awe ameidhinishwa na mamlaka ya anga. Ukitaka kujilipia kozi mwenyewe, nenda kwa daktari huyo kabla hujalipa ada hata shilingi moja. Ni ajabu wangapi hufanya kinyume.

Utawekwa kwenye chumba kimya na vipokea sauti masikioni, na kila ukisikia mlio, hata mdogo kiasi gani, unabonyeza kitufe. Kisha utafunguliwa kitabu chenye miduara ya vidoti vya rangi, kila mduara umeficha tarakimu, nawe uitaje. Rangi si mapambo hapa: redio ya ndege ikikata, mnara humwashia rubani taa ya kijani au nyekundu, na asiyezitofautisha hafai kuishika taa hiyo. Miwani haikuzuii, mradi ukiivaa uone kwa kiwango kinachotakiwa. Watu wengi wa miwani hujikatia tamaa bure.

Karatasi

Linganisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita, chuo na NIDA, herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Muhamed" kule ni tatizo. Muone wakili kuhusu hati ya kisheria ya majina mapema. Vyeti vya nje ya nchi vipitishwe NECTA, TCU au NACTVET kulingana na ngazi yake. Karatasi za matokeo za kidato cha nne au cha sita hazipokelewi badala ya vyeti vyenyewe.

Maombi yenyewe

Fungua akaunti Ajira Portal kwa namba ya NIDA na ujaze taarifa zote, wakiwemo wadhamini watatu. Tangazo likitoka, soma sehemu ya sifa mara mbili. Kuna linalotaka aliyekwisha kufuzu kozi ya uongozaji ndege, na kuna linalochukua watu wa kwenda kufundishwa. Usitume kwa kubahatisha. Barua ya maombi iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti, iwe na saini yako, ndipo uipakie. Kuomba ni bure. Anayekudai pesa ya "kukuingiza kwenye mfumo" ni kishoka.

Waliochaguliwa hutangazwa mtandaoni, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako mara kwa mara. Kwanza huwa kuna usaili wa mchujo wa kuandika, halafu mahojiano. Siku ya usaili beba vyeti halisi na kitambulisho. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina hubaki kwenye kanzidata na unaweza kuitwa baadaye, hivyo usibadilishe namba ya simu bila kuihuisha kwenye mfumo.

Kiingereza cha redioni

ICAO inataka angalau ngazi ya 4 kati ya ngazi 6 za umahiri wa lugha. Mwenye ngazi hiyo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Wa ngazi ya 6 hapimwi tena. Hapa hakuna anayekuuliza tamathali za semi. Wanachotaka ni sikio: umempa rubani ruhusa ya kupanda hadi kimo cha ngazi 150 (futi 15,000 hivi), naye anakurudishia 160 kwa lafudhi ya nchi usiyowahi kufika. Ni wewe wa kulinasa kosa hilo papo hapo. Jizoeze na rafiki, mmoja asome tarakimu haraka, mwingine azirudie, na kwa makusudi mkosee moja.

Ukishapata kazi, utafanya kituoni chini ya usimamizi wa mwenye leseni kabla ya kuachiwa maikrofoni peke yako. Idhini hiyo ya kufanya kazi peke yako ni ya kituo hicho tu. Ukihamishwa kutoka mnara wa Dodoma kwenda Mwanza, utajifunza upya anga na njia za Mwanza, na kupimwa upya.