Ushauri wa kazi bila miadi: ingia na karatasi mbili

Kwa walio vyuoni huku Kisumu, Maseno na Kakamega: ukienda ofisi ya ushauri wa kazi bila miadi, usiingie na "sijui nifanye nini baada ya chuo". Beba wasifu wako na tangazo moja la kazi au atachimenti (mafunzo ya kazini ya wanafunzi) unayoitaka, upige mstari pale panapokutatiza, kisha uulize: "Hapa napungukiwa na nini?" Mshauri ana dakika kumi hivi kabla mwingine hajabisha, karatasi mbili zikiwa kando kwa kando, pengo analiona mara moja, haanzi kukuhoji umesoma nini, unapenda nini. Zichapishe saiba, duka la intaneti. Simu yenye kioo kilichopasuka haisomwi na watu wawili, mimi nimejaribu. Jibu liandike palepale.

Mbinu hii haifui dafu wiki zile za kusaka barua za atachimenti kabla ya Mei, foleni ikifika ngazini. Wala usiende nayo ukitaka kubadilisha kozi: hilo anza na mkuu wa idara, na uhamisho wa chuo hadi chuo hupitia KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi nafasi vyuoni, wenye tarehe zao.