Kabla ya kurusha chambo cha kuelea: maandalizi ya maleleji Pemba

Kusi likishalegea, kati ya Oktoba na Novemba, na kaskazi haijashika, kipindi tunachokiita maleleji, Pemba hupata asubuhi ambazo bahari imetulia tuli. Ndipo unapoona vidagaa wakichupa kwa pamoja kando ya mwamba, kama mtu aliyerusha gao la kokoto, na chini yao kivuli kinapita. Huyo ni kolekole anawinda. Pengine atakaa juu dakika 5 tu, na anayeanza kufunga ndoana pale pale chomboni hukuta shughuli imekwisha. Kwa hiyo kazi kubwa ya chambo cha bandia cha kuelea hufanyika nyumbani, usiku wa kuamkia safari.

Anza na ndoana, kabla hata hujatazama rangi ya chambo. Vyambo vingi vya bandia vinavyotufikia mikononi vimeachwa na wageni, na baadhi vilitengenezwa kwa ajili ya bass, samaki wa maji baridi wa Marekani. Huko kwao, majira ya kupukutika majani, maziwa yanapoanza kupoa, vidagaa huingia kwenye vihori vya kina kifupi na bass huwafuata, akawa anawapiga juu ya maji. Kwetu mambo ni kinyume, miezi hiyo maji ndiyo kwanza yanaanza kupata joto, lakini windo ni lile lile na chambo kinafanya kazi vizuri. Tatizo ni ndoana zake nyembamba. Changu cha kwanza kilikuwa cha aina hiyo. Kolekole alikidaka karibu na kisiwa cha Fundo, akashika njia ya mwambani, na mshipi ukalegea ghafla. Nilipokivuta nikakuta ile ndoana ya nyuma yenye makucha matatu, mawili yamenyooka kama sindano ya kushonea kofia. Nililala na samaki yule kichwani siku kadhaa.

Basi zing'oe zote, uweke ndoana moja nene mkiani na nyingine tumboni, kwa pete za chuma imara. Kijino cha ndani kiminye kwa plaizi kilale. Samaki hatoki kirahisi ukiuweka mshipi umekaza, na kumtoa ndoana inakuwa rahisi kwake na kwako. Halafu jaza ndoo maji ya bahari ukiache chambo kielee humo. Ndoana nzito hubadilisha mkao. Kikizama, au kikilala ubavu, punguza ile ya tumboni ujaribu tena. Wengi huiruka hatua hii ya ndoo, na mimi naiona kubwa kuliko kununua chambo kipya.

Vyambo viwili vinatosha. Popa, mwenye uso uliobonyea kama kikombe, huchapa maji na kutoa mlio. Huyo mpe kazi bahari ikiwa na viwimbi. Maji yakiwa tuli mlio huo huwatisha samaki, hapo tumia kile chembamba kirefu kinachokwenda kushoto na kulia, kikifanana na chuchunge aliyejeruhiwa. Rangi isikusumbue sana, maana samaki anakitazama kutoka chini na mbinguni kuna mwanga, anachokiona ni umbo jeusi. Angalia zaidi ukubwa ulingane na vidagaa vilivyopo.

Mshipi mkuu uwe wa kusukwa, wa ratili 50 hadi 80, na mbele yake nailoni nene ya pima moja isiyokatwa upesi na mwamba. Nguru na mzia wakiwepo, ongeza kipande kifupi cha waya, meno yao hayana mchezo. Fundo ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Breki ya rili iweke theluthi ya nguvu ya mshipi, uipime kwa mizani ya mkono, usikisie.

Tazama mwezi. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hutupa tofauti ya karibu mita 4 kati ya maji kujaa na kupwa, na mkondo kwenye milango ya bahari huwa mkali. Kolekole hupenda maji yanayotembea, lakini nahodha ndiye wa kusema kama chombo kitahimili. Uliza pia mahali. Kisiwa cha Misali kina sehemu isiyovuliwa kabisa, kwa hiyo pita ofisi ya uvuvi na kamati ya wavuvi wa diko, yaani mahali vyombo vinapotia, unalotokea, siku moja kabla.

Zungumza na wenzako chomboni. Anayerusha anasimama peke yake mbele, wengine wameketi, wote wamevaa miwani, kwa sababu chambo chenye ndoana mbili kikimkosa samaki hurudi hewani kwa kasi kikielekea usoni. Mrushaji akitupe nje ya kundi la vidagaa, kisha akipitishe pembeni, asikitupe katikati. Na mazoea ya kujizuia yaanze nyumbani: maji yakifumuka nyuma ya chambo mkono unataka kuvuta mara moja, na mara nyingi samaki bado hajakishika. Endelea kukiburuza mpaka usikie uzito mkononi, ndipo ukaze.

Vya mwisho kutiwa kapuni ni plaizi, kitambaa kinene cha kumshikia samaki, jaketi la kuokolea la kila mtu, na dumu la maji matamu, nusu ya kunywa, nusu ya kusuuzia vyambo kabla hujafika nyumbani.