Kukata, Kuhesabu na Kucheza Maneno Marefu ya Kiingereza

Mchezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, anayekariri neno la herufi 28 kama shairi hulisahau kabla wiki haijaisha. Anayelikata hubaki nalo, na hubaki pia na vipande vya kuundia maneno mengine. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtaji mkubwa hapa, maana lugha yetu yenyewe hujenga kwa kubandika. Mtu akisikia "wasipotutambulisha" hahangaiki: wa-si-po-tu-tambul-ish-a. Sikio limezoea kulitafuta shina. Maneno marefu ya Kiingereza yasome hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Shika shina kwanza

Usianze na herufi ya kwanza. Tafuta kati ya neno kipande unachokijua, kisha uongeze ganda moja moja kwenda nje. Chukua ANTIDISESTABLISHMENTARIANISM. Shina ni ESTABLISH, kusimika. Ongeza MENT upate nomino: kitu kilichosimikwa, na hapa ni kanisa linalotambuliwa na dola. DIS inaondoa hadhi hiyo. ARIAN ni mwenye msimamo fulani, ISM ni msimamo wenyewe, na ANTI inapinga. Kwa hiyo neno zima ni msimamo wa kupinga Kanisa la Uingereza livuliwe hadhi ya kuwa kanisa la dola, mjadala uliowaka Uingereza katika karne ya 19.

FLOCCINAUCINIHILIPILIFICATION halina shina moja. Ni maneno manne ya Kilatini, FLOCCI, NAUCI, NIHILI na PILI, yote yakirejelea vitu visivyo na thamani (moja ni kishungi cha sufu, jingine ni unywele), halafu FICATION, kufanya. Maana yake ni kukiona kitu si mali kitu. Maandishi ya Kiingereza yanalo tangu 1741.

Hatua ya 2: Hesabu kwa vipande

Anayehesabu herufi moja moja kwa kidole hukosea, hasa penye herufi pacha. Hesabu kila kipande, andika namba juu yake, kisha jumlisha. Neno refu kuliko yote katika kamusi kubwa za Kiingereza ni PNEUMONOULTRAMICROSCOPICSILICOVOLCANOCONIOSIS:

PNEUMONO 8 (mapafu), ULTRA 5 (kupita kiasi), MICROSCOPIC 11 (isiyoonekana kwa macho), SILICO 6 (silika), VOLCANO 7 (volkano), CONI 4 (vumbi), OSIS 4 (hali ya ugonjwa). Jumla 45.

Lilitungwa 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, kwa lengo la kupata neno refu kupita yote. Ugonjwa wenyewe lakini ni wa kweli, na jina lake la kawaida ni SILICOSIS, herufi 9. Huletwa na vumbi laini la silika linaloacha makovu kwenye mapafu, na hauna tiba ya kuuondoa. Miamba ya graniti iliyozunguka Dodoma ina silika nyingi, kwa hiyo wanaoponda kokoto wanahusika na neno hili kuliko mchezaji yeyote. Kulowesha jiwe kwa maji kabla ya kuliponda hupunguza vumbi.

Hatua ya 3: Jihadhari na mitego

Mtego mbaya kuliko yote ni kiambishi IN. Mara nyingi kinakanusha, lakini si kila mara. INFLAMMABLE, linaloandikwa kwenye malori ya mafuta, maana yake ni "inawaka kwa urahisi", kwa kuwa IN hapo imetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. INVALUABLE nalo, ingawa IN yake inakanusha, ni chenye thamani isiyokadirika, si kisicho na thamani. Kata neno, lakini maana uihakikishe kwenye kamusi.

Mtego wa pili ni mazoea yetu ya kuandika kama tunavyotamka. Herufi bubu, kama P ya PNEUMONO, hudondoka. Pacha hugeuka moja. ACCOMMODATION ina C mbili na M mbili (13). EMBARRASSMENT ina R mbili na S mbili (13 pia). Ziandike pacha kwa wino wa rangi nyingine daftarini.

Hatua ya 4: Tengeneza seti yako

Ubao wa Scrabble ni miraba 15 kwa 15, na vipande ni 100. Ukijitengenezea, fuata idadi hii: E 12, A na I 9 kila moja, O 8, N, R, T 6, D, L, S, U 4, G 3, B, C, F, H, M, P, V, W, Y 2, J, K, Q, X, Z 1, na vitupu (vipande visivyo na herufi) 2. Usiongeze K kwa kuwa Kiswahili kinaipenda. Mizani ya pointi itaharibika. Kwa upepo wa kiangazi wa Dodoma, herufi za karatasi tupu hupeperuka barazani. Zigundishe kwenye vizibo vya soda, na uchore miraba ya sentimita 3.5, yaani ubao wa sentimita 52.5 kila upande.

Hatua ya 5: Fikisha neno la herufi 15

Mkononi una herufi 7 tu, hivyo neno refu hujengwa kwa awamu. Mfano unaotufaa wenyeji wa mji wa Bunge ni PARLIAMENTARIAN, mtaalamu wa kanuni za bunge, au mbunge mzoefu. Lina herufi 15 kamili.

Mstari wa katikati, MEN iko safu ya 7, 8 na 9, E juu ya nyota ya katikati, inayozidisha neno mara mbili: pointi 10. Mwenye P, A, R, L, I, A na T anaweka sita za kwanza kushoto na T kulia, anapata PARLIAMENT. L iko kwenye mraba wa herufi mara mbili, jumla 15. P iko kwenye mraba wa neno mara tatu, 45. Na kwa kumaliza herufi zote 7, anaongeza 50. Ni 95. Kisha yeyote mwenye A, R, I, A, N anamalizia kulia: 19, R iliyo kwenye mraba wa herufi mara mbili inaongeza moja, na N iko kwenye mraba wa neno mara tatu, 60. Hapati ile 50, maana ametumia tano tu.

MEN ikianza safu ya 6 au ya 8, mpango wote umevunjika: aidha PARLIAMENT inakosa nafasi kushoto, au ARIAN inapita ukingo. Kwa sababu hiyo hiyo PARLIAMENTARIANS, herufi 16, haichezeki kamwe; wala DECENTRALISATION, ugatuaji, ambayo nayo ni 16. DECENTRALISING, 14, inaingia.