Kuongeza kasi ya prosesa bila kuiunguza: hatua kwa hatua, kwa joto na umeme wa Kampala

Kinachoua prosesa ni volteji na joto linaloletwa na volteji hiyo. Kasi yenyewe haina kosa kubwa. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volteji hupanda kwa mraba wake. Chukua Core i5-9600K, ambayo ndiyo mfano wetu hapa: ukiitoa 4.3 GHz kwa volti 1.20 ukaipeleka 4.8 GHz kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa asilimia 12 hivi, umeme kwa asilimia 41. Ziada yote hiyo inageuka joto, na yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) utazilipa wewe. Basi kazi ni kutafuta volti ndogo kabisa inayoweza kubeba kasi unayoitaka.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine inakubali

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kampala ni za ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na jamaa zake. Hizo usihangaike nazo, BIOS zao (programu ya msingi ya bodi) hazina mahali pa kubadili kizidisho, ile namba inayozidishwa na 100 MHz kupata kasi, hata ukiwekea prosesa gani. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K pamoja na bodi mama (motherboard) yenye chipuseti ya Z. Kwa 9600K ni Z370 au Z390. Bodi ya B360 itaiwasha vizuri tu, ila kasi itabaki ileile ya kiwandani.

Kisha geuza pawasaplai, kisanduku kinacholisha mashine umeme, usome kibandiko. Acha ile namba kubwa ya wati, tafuta mstari wa +12V. Ukiona ampea 32, zidisha kwa 12: ni wati 384, na hizo ndizo zinazolisha prosesa na kadi ya picha. Pawasaplai inayodai wati 500 huku ni nyepesi kama boksi tupu, irudishe dukani.

Hatua ya 2: Safisha, paka pesti upya

Vumbi jekundu la kiangazi huziba mapezi ya hitisinki, chuma kinachoondoa joto la prosesa, mpaka hewa haipiti. Lipulize kwa blowa, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Ng'oa hitisinki, futa pesti ya zamani (ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya njegere. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, ili mgandamizo uwe sawa pande zote.

Feni ndogo ya kawaida haitoshi kwa kazi hii. Tumia hitisinki ya mnara yenye feni ya milimita 120. Kumbuka pia kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, hivyo hubeba joto kidogo kuliko hewa ya pwani. Na mnara wa zaidi ya nusu kilo usiupandishe boda ukiwa bado umefungwa kwenye bodi. Mashimo ya barabarani yataupindisha.

Hatua ya 3: Umeme

Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, maana mashine itaganda mara kadhaa na Windows inaweza kuharibika. Ukitaka kuboresha BIOS, fanya hivyo ukiwa na UPS (betri ya akiba) tu, na uijaribu kwanza kwa kuchomoa plagi ukutani ili uone kama betri yake inashika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi nyingi haziamki tena bila kifaa maalumu.

Hatua ya 4: Pima kabla hujagusa kitu

Weka programu ya HWiNFO uone joto, volteji na kasi ya kila kiini (core) cha prosesa. Endesha Cinebench R23, programu inayoipa prosesa kazi nzito na kutoa alama, kwa dakika 10, andika alama na joto la juu kabisa. Fanya hivi saa nane mchana. Chumba chenye paa la mabati mchana kinaweza kuzidi kile cha usiku kwa nyuzi 10, na nyuzi hizo zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa. Mashine iliyotulia usiku wa manane inaweza kukushinda kesho yake baada ya chakula cha mchana. Ikiwa tayari unapita nyuzi 80 kabla ya kuongeza chochote, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 5: Ingia BIOS

Washa mashine huku ukibonyeza Delete au F2. Zima XMP (mpangilio unaoharakisha kumbukumbu) kwa sasa, ili hitilafu ya kumbukumbu isije ikachanganywa na ya prosesa. Weka viini vyote kizidisho kimoja, 45. Kwa msingi wa 100 MHz hiyo ni 4.5 GHz. Volteji ya viini itoe kwenye Auto, uandike 1.25 mwenyewe. Hapa ndipo wengi huumia: bodi nyingi zikiachiwa Auto hujimwagia volti kuliko inavyohitajika, mashine ikaonekana imetulia kumbe inapikwa.

Load-Line Calibration iweke kiwango cha kati. Kazi yake ni kuzuia volti isishuke sana mzigo unapoingia, lakini ikiwekwa kali mno volti huruka juu mzigo unapotoka. Tazama mchoro pembeni mwa skrini kabla ya kuchagua, kwa sababu kwenye bodi nyingine namba 1 ndiyo kali, kwenye nyingine ndiyo pole.

Hatua ya 6: Panda

Ongeza kizidisho kwa 1, jaribu Cinebench dakika 10, rudia. Isipokwama, usiguse volti. Ikikwama, ongeza volti 0.01 au 0.02 ujaribu tena kasi ileile.

Jifunze kusoma namna inavyokwama. Skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, mara nyingi volti haitoshi. Makosa ya WHEA (hitilafu za maunzi ambazo Windows huzirekodi) yanayohesabika chini kabisa kwenye HWiNFO huku mashine ikiendelea kufanya kazi ni onyo lilelile, limekuja mapema. Kasi ikishuka yenyewe huku joto likikaribia nyuzi 100, prosesa inajiokoa. Hapo kuongeza volti ni kumwaga petroli motoni. Mashine ikizima ghafla bila skrini yoyote, shuku pawasaplai.

Mipaka: nyuzi 85 mchana, volti 1.35. Kimoja kikifika, umefika. Chipu hazifanani, moja itakupa 4.9, nyingine itagoma 4.7, na hakuna ufundi wa kuibadilisha.

Hatua ya 7: Jaribio refu

Endesha OCCT au Prime95, programu za kuitesa prosesa, kwa saa mbili, tena mchana. Prime95 yenye AVX (maagizo mazito ya hesabu) huchemsha kuliko kazi yoyote ya kawaida, hivyo weka AVX offset 2, yaani kizidisho kishuke kwa 2 kwenye kazi hizo, kama joto linapita mpaka. Ikivumilia, teremka 100 MHz na uache volti ilipo; akiba hiyo ndiyo itakayokusaidia miezi ya Januari na Februari. Mwishowe badili volteji kuwa Adaptive, ili ishuke mashine isipokuwa na kazi, kisha washa XMP na upime kumbukumbu kwa MemTest86.

Wenye Ryzen

Bodi za A320 na A520 haziruhusu. Kwenye B450 au B550, kufunga viini vyote kasi moja mara nyingi hupunguza kasi ya kiini kimoja, na michezo mingi hutegemea hiyo. Kwa familia ya 5000 tumia PBO (Precision Boost Overdrive, inayoiacha prosesa ijipandishe yenyewe) na Curve Optimizer (inayorekebisha volti ya kila kiini), zote ziko kwenye BIOS; anza na −10 kwa viini vyote. −10 ni kupunguza volti, kwa hiyo kwa kasi ileile hata joto linashuka.

Ikigoma kuwaka

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu kumaliza umeme uliobaki, toa betri ya CR2032 kwa dakika 5, irudishe. BIOS itarudi kama ilivyotoka kiwandani, saa na tarehe zikiwa zimepotea. Windows ikikataa kupanda baada ya hapo, angalia kwenye BIOS kama mpangilio wa diski umehama kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake, uurudishe ulivyokuwa.