Kabla hujampelekea fundi simu: namna ya kusaka kirusi na kukiondoa

Bando likiisha kabla ya adhuhuri na simu ilikuwa mfukoni tu, au tangazo likifunika skrini hata ukiwa kwenye kalkuleta, wengi hukimbilia kwa fundi, Kariakoo au Makumbusho, naye anaiflashi, yaani anafuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Huenda ikapona. Ila kazi hiyo mara nyingi unaiweza mwenyewe ukiwa nyumbani, bila kupoteza picha na bila kumwachia mtu usiyemfahamu simu isiyofungwa, yenye laini yako ya pesa ndani.

Anza kwa kutenga kisicho kirusi. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ni utapeli tu: isambaze kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ifute, endelea na shughuli zako. Arifa za "simu yako ina virusi 13, bonyeza hapa" karibu zote hutoka kwenye tovuti uliyoibonyezea "Ruhusu" bila kusoma. Fungua Chrome, nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, kisha zima kila tovuti usiyoijua. Simu za bei nafuu nazo huja na programu za kiwandani zinazotupa matangazo. Zima arifa zake, au zizime zenyewe pale simu inaporuhusu. Na betri ya simu iliyotumika miaka mitatu kwenye joto la Dar kuisha mapema si ajabu.

Dalili zenye uzito ni hizi. Kwenye matumizi ya data, programu ya tochi imekula MB 400 chinichini. Vocha inakatwa kwa huduma ambazo hukujiunga. Ndiyo kazi ya jamii ya virusi iitwayo Joker. Meseji ya benki inachungulia kwenye arifa halafu haionekani tena. Play Protect, kinga ya Google iliyomo ndani ya Play Store, imezimwa na si wewe uliyeizima. Kuna programu isiyo na jina wala ikoni, au inayojiita "System Update" ilhali haikuja na simu. Kubwa kuliko zote: ukifungua ukurasa wa Ufikivu, unajifunga wenyewe. Hapo kuna kitu kinakuzuia kwa makusudi.

Ufikivu ni ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa kuona au wa viungo. Programu yenye ruhusa hiyo inasoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza vitufe badala yako. Inaweza kusoma hata dirisha la *150*00# ya M-Pesa, na PIN unayoandika humo mara nyingi huonekana wazi, si kwa nukta. Ndiyo maana kazi haianzi kwa kufuta programu, inaanza kwenye pesa.

Zima data na Wi-Fi. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine. Kitochi kinatosha kabisa. Ukiwa kwenye kitochi hicho badilisha PIN: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Kama una programu ya benki kwenye simu iliyoathirika, pigia benki waifunge kwa muda. Piga pia *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa namba nyingine. Ukikuta namba usiyoijua, ##002# hufuta maelekezo yote. Usibadilishe PIN wala nywila yoyote kwenye simu yenye kirusi, maana utakuwa unampa mwizi siri mpya badala ya ile ya zamani.

Sasa kuondoa. Majina ya menyu hapa ni ya Android iliyowekwa Kiswahili, na hutofautiana kidogo baina ya simu na simu. Ukikosa kitu, kitafute kwenye kisanduku cha utafutaji kilicho juu ya Mipangilio.

1. Ingia hali salama: bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka menyu itokee, kisha shikilia neno "Zima" kwa sekunde kadhaa mpaka simu iulize. Katika hali hii programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi, kwa hiyo kirusi hakiwezi kukufungia ukurasa.

2. Mipangilio, Ufikivu. Zima kila kilichopakuliwa ambacho hukukiweka kwa kujua.

3. Tafuta "Programu za msimamizi wa kifaa". Ikiwa kitufe cha Ondoa kilikuwa kimefifia, sababu iko hapa. Huduma ya Google ya "Tafuta Kifaa Changu" (siku hizi Find Hub) ina haki ya kuwepo, na barua pepe ya kazini pia. Mengine toa alama.

4. Kwenye ufikiaji maalum wa programu, kagua zinazoonyesha juu ya programu nyingine, zinazosoma arifa na zinazoruhusiwa kusakinisha programu zisizojulikana. Hakikisha pia programu chaguomsingi ya SMS ni ileile ya siku zote.

5. Ndipo uende Programu, uone zote, ufute mshukiwa. Kumbuka tatizo lilianza lini. Programu iliyoingia siku mbili tatu kabla ya hapo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

6. Futa na faili lenyewe la APK, yaani lile lililosakinisha programu hiyo, kwenye vipakuliwa na kwenye nyaraka za WhatsApp. Likibaki, siku moja mtoto atalibonyeza tena.

7. Washa simu upya kwa kawaida, unganisha Wi-Fi, fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, Play Protect, Changanua.

Wengi hukwama kwa sababu wanarukia hatua ya tano: kitufe kinagoma, au programu inafutika na nyingine iliyoingizwa nayo inairudisha. Kuongeza antivirusi tatu hakusaidii. Moja inatosha, iwe Malwarebytes au Bitdefender, tena kutoka Play Store pekee.

Dalili zikirudi, rejesha simu katika hali ya kiwandani. Hifadhi majina kwenye akaunti ya Google, nakili picha, na hakikisha unaikumbuka nywila ya akaunti hiyo, kwani usipoifuta akaunti kwanza simu inaweza kuidai itakapowaka. Chaji ifike angalau nusu. Wakati wa kuianzisha upya, simu itajitolea kurudisha programu zote za zamani. Kataa, weka moja moja. Vipo virusi vichache vinavyovuka hata hatua hii. Mwaka 2020 watafiti walieleza kukuta Triada na xHelper kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa katika baadhi ya nchi za Afrika, Triada ikiwa imeingia tangu kwenye mnyororo wa ugavi. Hapo ndipo fundi anahitajika, aweke mfumo mzima upya kwa faili rasmi la kampuni.

Simu ikishakuwa safi, badilisha nywila ya Google, kagua vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, toa vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp, na uweke PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili.

iPhone haina mengi. Angalia Mipangilio, Jumla, sehemu ya VPN na usimamizi wa kifaa. Ukikuta wasifu (profile) usioujua, uondoe.

Kinga yenyewe ni kujua mlango. Kadi ya harusi ni picha, video au PDF. Ikija na mwisho wa .apk si kadi, hata kama kaituma shangazi, kwani huenda simu yake ndiyo inayotuma. Programu za kurushiana kwa Xender ni hivyohivyo: hujui aliyekurushia alizitoa wapi. WhatsApp za kuchonga, zilizobadilishwa na watu wasio wa WhatsApp yenyewe, nazo zina historia mbaya. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky waliikuta Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp mwaka 2021, na mwaka uliofuata wakakuta YoWhatsApp ikiiba funguo za akaunti. Kuna pia programu za mikopo ya haraka zinazochota majina yote ya simu ili zikudhalilishe kwa ndugu na wafanyakazi wenzako ukichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza 69 zisizo na leseni. Programu ya mkopo inayodai kusoma majina yako, ikatalie na uachane nayo.

Android 13 na kuendelea huizuia programu iliyotoka nje ya Play Store kupewa Ufikivu mpaka wewe mwenyewe ufungue kizuizi. Mtu akikuelekeza kwa simu namna ya kukifungua, kata simu.

Ukinunua simu iliyotumika, piga *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha irejeshe hali ya kiwandani mbele ya muuzaji. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine baada ya hapo, mrudishie. Isipoomba, kagua Ufikivu na wasimamizi wa kifaa, na laini yako uiweke mwisho kabisa.